Mtu wa Ubelgiji Niliyemtunga Mwenyewe

Hadija mwanangu,

Mke wangu Mama Rama keshakuambia habari za sweta, dawa ya kichwa, na kutokula vya njiani mpaka uvuke mpaka pale Gatuna, kwa hiyo hayo mimi nayaruka. Kumsalimia mama yako mdogo Safina ukifika Kampala, hilo nalo unalijua. Nimeteremsha mlango wa duka nusu, swala ya alasiri imeshapita, na ninaandika kwenye karatasi za kukatia mitindo kwa sababu nyingine sina. Ukikuta mistari ya bega la koti la mtu upande wa pili, usishangae, huyo mtu hahusiki na barua hii. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako kabla ya magharibi. Naomba uisome leo hii. Usiibebe ukaisome kesho kwenye basi, kwa sababu kuna kitu nataka kukuomba na kwenye basi utakuwa umeshachelewa.

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Shule niliachia darasa la nne kwa sababu mwalimu aliona ninajua kuliko yeye. Hapana. Niliachia darasa la nne kwa sababu hesabu zilinishinda na baba alikuwa anahitaji mtu wa kushika pasi. Unaona? Hata hapa, peke yangu na cherehani, mkono umeanza wenyewe.

Nyamirambo nzima wanajua kwamba nilimshonea waziri koti bila kumpima. Alipita hapa nje kwenye gari la vioo vyeusi, nikamtazama mara moja, nikaingia ndani nikakata kitambaa, koti likamkaa kama amezaliwa nalo. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, "Mjomba, kama vioo vilikuwa vyeusi, ulimwonaje?" Nikakujibu kwamba fundi hamwoni mtu kwa macho. Ukakubali. Kesho yake ukawasimulia wenzako shuleni, ukaongeza kwamba waziri alilia alipolivaa. Nilipolisikia hilo nilifurahi, nikamwambia marehemu mama yako, dada, huyu katoka upande wetu. Lakini ulipofika sekondari uliacha kuongeza. Ukawa mtu wa kuuliza, ukishajibiwa unakaa kimya, unauliza tena lile lile. Mimi ilikuwa inanichosha. Nilidhani utakuwa karani.

Badala yake ukaanzisha ile chaneli ya Yutubu na Bosco wa bondeni. Sasa niseme kweli, nilikuwa sielewi mnachokifanya. Bosco anafunga simu yake kwenye kijiti, wewe unawauliza watu maswali ambayo kila mtu anajua jibu lake. Bei ya viazi. Maji yanatoka siku gani. Nilikuwa nasema, huyu mtoto ana sauti nzuri, anaipoteza kwenye viazi. Halafu mkaja kwenye zile nyumba za bondeni zilizopakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ambazo wenyewe wameambiwa wahame kabla ya mvua kwa kuwa mlima utawaangukia. Mkampiga picha Mama Bosco mbele ya mlango wake wenye X. Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko nilivyowahi kukuambia. Mama Bosco anasema, "Mimi sikatai kuhama. Nauliza nahamia wapi, na nani ataniambia." Kisha anamfukuza kuku aliyeingia ndani, basi, imeisha. Hakutukana mtu. Nimesikiliza tena na tena nikitafuta alipotukana.

Watu wakaitazama, wakaipeleka huku na kule. Wateja wangu walikuwa wanaitazama hapa hapa huku wakipimwa kiuno, na mimi nasema, huyo ni wa kwangu, huyo ni wa kwangu.

Halafu ukaja umuganda wa mwezi ule, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Hii unaijua kwa upande wako, upande uliousikia kwenye chumba cha wapelelezi. Ya upande wangu hujanisikia nikiisimulia bila kuizungusha, kwa hiyo nisikilize.

Tulikuwa tumezibua mtaro chini ya msikiti, mimi nimefunga magunia miguuni, tope mpaka magotini. Tulipomaliza tukakusanyika kwenye uwanja wa shule kwa mkutano, kama kila umuganda. Faustini, kiongozi wa mudugudu, mtaa wetu huu, akasema matangazo yake ya takataka na bima ya afya. Kisha akasema, "Kuna video inazunguka. Inauonyesha mudugudu wetu kama hauna viongozi. Nani anajua inatoka wapi?"

Watu wote wakaangalia majembe yao.

Pembeni ya Faustini alikuwa amesimama bwana mmoja mgeni. Viatu vyake havikuwa na tope hata punje, na koti lake lilikuwa limeshonwa vibaya, bega la kushoto limevutwa mpaka kola inamkaba. Mwanangu, mimi niliangalia lile bega. Wenzangu wote waliangalia viatu, wakaelewa, mimi nikaangalia bega. Nikawaza, huyu anatoka ofisi kubwa, na hajui kwamba fundi wa kumrekebisha yuko hapa mbele yake.

Nikanyoosha mkono. "Ni ya mtoto wangu," nikasema. "Hadija, wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye niliyemlea, na kusema mbele za watu nimemfundisha mimi."

Mtu wa nyuma yangu akanivuta shati. Nikadhani ni wivu.

"Kazi nzuri namna ile," yule bwana akasema, kwa upole kabisa. "Anaifanya peke yake?"

Hilo neno peke yake ndilo lililoniingia. Nililisikia kama vile ameniambia, mtoto wako ni maskini. "Peke yake vipi, bwana?" nikasema. "Huyu anatazamwa mpaka Ubelgiji. Kule kuna mtu mkubwa anayemsaidia, wanazungumza kila wiki. Ile kamera yao imetoka Brussels."

Kamera yenyewe ni simu ya Bosco iliyopasuka kioo, iliyofungwa na mpira wa soksi. Mpira nilitoa mimi dukani. Huo ndio msaada wote mliowahi kupata.

"Huyo mtu mkubwa anaitwa nani?"

"Hayo ni ya ndani," nikamjibu. Na nikamkonyeza. Wapelelezi hawakukuambia hilo, nadhani hawana pa kuliandika, lakini nilimkonyeza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilimsimulia Mama Rama nilivyokupandisha cheo mbele ya watu wa ofisini. Aliacha kupepeta mchele, akanitazama, akasema, "Wewe baba Rama, umemuuza mtoto." Nikamwambia wanawake mnaogopa kila kitu.

Haikupita wiki. Walikuja mchana, wastaarabu, wakavua viatu mlangoni. Mmoja alimsalimia Mama Rama salaam aleikum. Hicho ndicho kilichonichanganya tangu mwanzo na mpaka leo hakijanitoka. Kama wangevunja mlango ningejua pa kuwaweka kichwani mwangu. Waliniomba ruhusa, na mimi nikawapa. Nikakuambia, nenda mwanangu, ni maswali tu. Bosco walimchukua siku hiyo hiyo kwa mama yake. Wewe walikuachia, wakabaki na simu yako. Yeye mpaka leo yuko ndani, anasubiri kesi, kwamba amechochea watu na ametumwa na walio nje ya nchi kuchafua sura ya nchi. Walio nje ya nchi ni nani? Ni yule mtu wangu wa Ubelgiji. Hana jina, hana uso, hata viatu sikumpa, na kijana wa watu amefungwa naye chumba kimoja.

Usiku uliporudi tulikula isombe, kisamvu chetu. Ukala vizuri, ukamsifu Mama Rama. Halafu ukaniuliza, "Mjomba, yule mtu wetu wa Ubelgiji anaitwa nani?" Ukacheka, ukanisogezea bakuli.

Nimekifikiria kile kicheko mpaka nimeumwa. Ungenifokea ningejua nifanye nini, ningelia, mimi ni hodari wa kulia. Lakini ulicheka kweli, niliona, na toka siku hiyo hujalitaja tena. Unanipigia pasi shati langu la Ijumaa kama zamani. Ila sasa unakaa kiti cha kuelekea mlango, na gari likisimama nje unaacha kutafuna. Sijui kama umenisamehe au umechoka nami. Nimewahi kumwuliza Mama Rama, akasema, "Muulize mwenyewe." Sasa nakuuliza, na hata hivyo nakuuliza kwa karatasi.

Hujui kwamba nilikwenda kwa wale wapelelezi. Ulikuwa umeenda Masoro kutafuta ile kazi ya kiwandani waliyokunyima. Nilivaa suti yangu ya kijivu, nikapanda pikipiki mpaka pale ofisini, nikasema nataka kuzungumza na anayeshughulikia mambo ya Bosco. Nilidhani watanisukuma. Kijana mmoja akanipa kiti, akanipa na maji.

"Nimekuja kusema kwamba nilidanganya," nikamwambia. "Hakuna mtu wa Ubelgiji."

"Sawa, mzee. Siku ile mkutanoni, nani alikulazimisha kusema?"

"Hakuna."

"Kuna mtu alikupa kitu?"

"Hakuna."

"Na leo umekuja kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya watoto."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa na ubaya usoni. "Mzee wangu, siku ile ulisema bila kuulizwa, ukiwa na furaha. Leo umekuja una hofu, una mtoto wa kumtetea. Wewe ungekuwa mimi, ungechukua maneno ya siku gani?"

Hadija, nilikaa pale nikapima, na nikaona kwamba ningekuwa yeye ningechukua yale ya siku ile. Nimewadanganya watu maisha yangu yote, wakaniamini au wakacheka, hakuna aliyewahi kunifunga hata saa moja. Nimepeleka ukweli mara moja, nimevaa na suti, wakanirudishia. Wewe na Bosco mlichukua maneno ya mwanamke mmoja kama alivyoyatoa, na kuku wake ndani, na ndiyo yamekuwa uchochezi. Naligeuza hili kila siku kama nguo iliyoshonwa nje ndani na silioni pindo lilipo.

Na aibu ya siku ile haikuishia hapo. Kabla sijatoka, yule kijana aliisifu suti yangu. Nikamsimulia waziri. Na gari, na vioo vyeusi, na yote. Akacheka mpaka akafuta macho, akachukua namba yangu ya simu, akasema atakuja nimshonee ya harusi. Nikateremka ngazi nikiwa na furaha, mwanangu. Nilifika barabarani ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimeendea.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kulisimulia kwa kuongeza, ndiyo maana karibu sijawahi kulisimulia. Ilikuwa mwaka wa mauaji, hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa kijana, nalala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya babu yako, na redio ilikuwa inataja majina ya watu wa kusakwa kwa sauti ya uchangamfu, na muziki katikati. Baadhi ya waliotajwa nilikuwa nimewashonea. Mmoja tulimficha kwenye kile chumba mpaka mwisho, wengine hatukuwafikia. Hapo sina waziri wala gari la kuweka. Kwa hiyo wakubwa wanapotuambia kwenye mikutano kwamba maneno yanaua, mimi sikubali kwa kichwa tu, nakubali kwa mwili mzima. Nimeyaona yakiua.

Ndiyo maana ule ugomvi wetu wa jikoni ulitokea, ule wa mwezi uliopita. Nilikuambia hata redio ile ilianza na maneno, na leo barabara zinang'aa, mtoto wa kike anatembea usiku kutoka mjini mpaka Nyamirambo hakuna wa kumgusa, mnataka nini zaidi? Ukasema, "Mjomba, Mama Bosco kauliza swali. Redio ile haikuwa inauliza." Nikakuambia ushushe sauti. Ukasema, "Tuko jikoni kwetu." Nikakuambia jikoni kuna dirisha. Ukaniambia, "Sasa kama tuna amani yote hiyo, mbona wewe unanong'ona?"

Nikaenda kufunga dirisha.

Nisingependa ufikiri kwamba nimeshalipata jibu. Sijalipata. Siku nyingine naamka nasema Hadija alikuwa sawa, siku nyingine nasema Faustini naye ana lake, nyumba zile za bondeni kweli zilianguka mwaka wa mvua kubwa na watu walikuwa ndani. Ni Faustini huyu huyu aliyeleta machela wakati mama yako anaumwa, akamshika kichwa mpaka hospitali. Ningemchukia mtu mzima mzima ningepumzika. Lakini namwona dukani kwake anapanga sabuni, namsalimia, ananiuliza hali ya mgongo wangu.

Wakili wa Bosco alikuja hapa wiki iliyopita. Binti mdogo kama wewe, alijifanya amekuja kupunguza sketi. Wakati nampima akaniambia polepole kwamba kesi ni Alhamisi, na kwamba kwenye faili la Bosco hakuna cha kumwunganisha na watu wa nje ila maneno yangu ya uwanja wa shule. Anataka nije nisimame niseme niliyatunga. Nikamwuliza, wataniamini? Akasema hajui. Nikamwuliza, watanifanya nini? Akasema wanaweza kunifungulia kesi ya kudanganya viongozi, na wanaweza wasifanye kitu. Nikamwuliza, wewe unanishauri nini? Akasema, "Mimi ni wakili wa Bosco, mzee, si wako." Nilimheshimu kwa hilo. Nilimpunguzia sketi kweli.

Wewe ukasema nisiende. Ulisema, "Mjomba, safari hii nyamaza. Nitakaa Kampala na hofu ya mtu mmoja aliye ndani, usinipe wa pili." Mama Rama akasema niende. Kesho yake Mama Rama akasema nisiende, na wewe ukakaa kimya, nikashindwa kujua kimya hicho ni cha upande gani. Nimeswali, na kwenye swala nikajikuta nafikiria nitavaa suti ipi.

Leo asubuhi ilikuwa umuganda tena. Wewe ulikuwa unapanga sanduku, na Mama Rama alikuficha usitoke, kwa hiyo nitakusimulia yaliyotokea kabla hujayasikia sokoni yameshavaa nguo nyingine. Tumefyeka majani kando ya barabara ya juu. Kwenye mkutano Faustini alipofika kwenye mengineyo, nilinyoosha mkono. Sikuwa nimepanga. Au nilikuwa nimepanga, sijui, mkono ulikuwa juu.

"Ndugu zangu," nikasema, "mnamkumbuka yule mtu wa Ubelgiji niliyemtaja hapa? Hayupo. Nilimtunga mimi mwenyewe, palepale, ili nionekane."

Halafu kijana mmoja wa nyuma, yule wa kuosha pikipiki, akasema, "Na koti la waziri je, fundi?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata Faustini alishusha uso akacheka kidogo.

"Nalo nililitunga," nikasema.

Wakacheka zaidi. Wanawake walishikana mabega. Mzee mmoja akasema, "Huyu leo kaleta tamu kuliko zote." Mwanangu, nimelitoa koti langu la waziri, nimelitumia miaka yote hiyo, limenilisha, limeniletea wateja mpaka wa Gitega, nimelitoa bure mbele ya watu, na wakadhani ni hadithi mpya. Nilisimama pale sijui niseme nini tena ili waache kucheka.

Mama Bosco hakucheka. Alikuwa ameegemea jembe lake mstari wa mbele, amekonda, unajua alivyokonda. Akasema, "Fundi. Iko unasema kweli, hakuna mtu?"

"Hakuna, mama."

"Basi Bosco amekaa ndani kwa sababu ya mtu ambaye hayuko."

"Ndiyo, mama."

Hakupandisha sauti. Watu walikuwa wananyamaza mmoja mmoja, kama wanaozimiwa taa. "Siku ya Alhamisi utakuja kuwaambia hivyo?"

"Mama," Faustini akaingilia, "hapa si mahakama."

"Najua si mahakama," Mama Bosco akamjibu. "Ingekuwa mahakama nisingekubaliwa kumwuliza. Fundi, utakuja?"

Nikasema, "Nitakuja." Nilisema neno hilo tu. Sidhani kama nimewahi kusema kitu kifupi hivyo mbele ya watu wengi hivyo.

Wakati wa kurudi Faustini alinifuata, jembe begani, tukatembea pamoja mpaka kona ya duka lake. "Fundi," akasema, "mimi ni jirani yako. Ukienda kule utaulizwa kwa nini ulidanganya viongozi. Hilo lina kesi yake peke yake."

"Unanitisha au unanionya?"

Alisimama. Aliangalia juu barabarani, akaangalia chini. "Yewe, fundi, hata mimi sijui," akasema, akaingia dukani kwake.

Kwa hiyo na yeye hajui. Hilo lilinipa nafuu kidogo na likanitia hofu zaidi.

Sasa nisikilize. Najua nimeahidi kinyume cha ulichoniomba. Najua pia kesho ukipanda basi pale Nyabugogo utakuwa na hofu ya watu wawili kama ulivyosema. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie leo, tuko nyumba moja. Kuhusu chaneli yako, kama utaiendeleza huko au utaiacha, nimejaribu kukuandikia neno la mzazi hapa na nimelikata mara nyingi, utaona madoa ya wino. Nikikuandikia nyamaza, uje uzeeke salama, nalisoma naona nimekuwa yule anayefunga dirisha la jikoni. Nikikuandikia sema, namwona Mama Bosco na jembe lake. Siwezi kukupa nisilokuwa nalo. Utaamua, na utaniambia umeamua nini, na mimi nitajisifu kwa wateja kwa lolote utakaloamua, lakini sitaongeza mtu.

Ninachokuomba ni hiki. Wakili ameniambia mahakamani nijibu kile nilichoulizwa, basi, nisiongeze. Hukumu ya Bosco inaweza kutegemea hilo. Nikisema moja zaidi, mwendesha mashtaka atanishika hapo hapo, atasema mnamwona, huyu anatunga hata sasa, na maneno yangu mengine yote yatatupwa pamoja na hilo. Nimejaribu tangu adhuhuri mbele ya kioo cha kupimia. Naanza vizuri: nilidanganya, mtu huyo hayupo, Bosco hakupewa kitu na mtu yeyote. Hapo natakiwa ninyamaze. Lakini kinywa kinaendelea. Mara ya kwanza niliongeza kwamba niliyasema nikiwa na homa kali. Mara ya pili nikawaambia majaji kwamba yule bwana mgeni alinipa pombe, mimi nisiyekunywa. Mara nyingine Bosco akawa amewahi kuniokoa kutoka mtoni. Mto gani, Hadija? Mtaani kwetu hakuna mto.

Mama Rama hawezi kunisaidia, amenizoea, hasikii tena naongeza wapi. Wewe unasikia. Basi kesho asubuhi tutoke mapema, tusipande gari mpaka Nyabugogo, tushuke kwa miguu, sanduku nitalibeba mimi. Njiani nitakuwa nakueleza wewe kama vile wewe ndiye jaji. Uniulize lile lile, tena na tena, kama ulivyokuwa unafanya ulipokuwa sekondari. Na ukinisikia nimeweka neno ambalo halikutokea, hata dogo, hata la kupendeza, usicheke. Nikanyage mguu, tuanze upya.

Mjomba wako,
Fundi Sefu